Barafu ya Makupa

Petroli ilipopanda tena, usiku, kama mwizi wa nazi,
niliuza bangili mbili za mkono wa kushoto
(za kulia nilizibakiza, nisionekane nimefilisika)
nikampelekea fundi Mwakio gari la marehemu baba:
Pijo, mia tano na nne, umri wangu na wake sawa,
rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni.

Mwakio akalizunguka mara tatu, akagonga boneti,
akatega sikio kama anayechagua tikiti maji.
"Bi Thureya, injini hii ni ajuza.
Imelelewa kwa petroli yenye risasi.
Gesi ni kavu, itavila viti vya vali."
Nikamwambia, "Viti? Mimi nimekalia kiti kilichotoboka
miaka kumi na miwili, na biriani yangu hufika."

Akacheka. Siku ya pili akafungua kichwa cha injini
kama mtu afunguavyo kaa, kwa adabu na kwa nguvu,
na ndani nikaona masizi
yale yale ya chini ya sufuria zangu.
Basi, nikasema, huyu ni wa ukoo.
Tia viti vya chuma kigumu. Nitalipa kwa mafungu.

Mtungi ulilala nyuma, mnene, haukumpisha mtu.
Hapo ndipo ilipokuwa ikikaa sufuria ya watu mia.
Sasa sufuria hupanda paani, kwa kamba za katani,
tukapita Tononoka watu wakidhani
tunahamisha kuba.
Dada yangu Maimuna akakataa kupanda:
"Umekalia bomu."
Bomu hilo hilo, mama, lakupikia chai alfajiri
nawe walisogelea na kiberiti, macho yamefumba.

Asubuhi huamka kwa petroli, funda moja tu,
kama mtu asiyeitikia salamu kabla ya kahawa.
Kisha swichi, tik,
na sauti yake hushuka, hulainika,
pumzi yake haichomi tena macho ya watoto wa jirani.
Kilima kikiwa kikali hunung'unika. Namwacha anung'unike.

Jambo moja alilonambia Mwakio, akifuta mikono,
halijanitoka: gesi haina harufu.
Ule uvundo wa yai viza hutiwa makusudi,
ili ikivuja, iseme.
Baba alivuja miezi saba bila kusema,
moyo, Jumanne, ufunguo wa gari mkononi.
Hakuna aliyemtilia harufu tukawahi.

Na Februari, kaskazi imesimama, saa saba mchana,
harusi Changamwe inangoja wali,
Pijo likakohoa, pu! likazima
pale pale mzunguko wa Makupa.
Honi. Matusi ya lugha tatu.
Nikafungua boneti, nikaona jambo sijaliona:
kile kikombe cha gesi, cha shaba, kimevaa nyeupe.
Barafu. Mombasa. Juu ya paa wali unatoa moshi,
chini yake baridi imeota ukoga.

Maji ya rejeta yalikuwa yamekwisha;
bila maji ya moto kupita, gesi hujigandisha yenyewe.
Nilijua. Mwakio alisema. Sikusikiza.
Nikangoja injini ipoe, nikishikilia mfuniko kwa kitambaa,
na katika kungoja nikaikwangua ile barafu kwa ukucha
nikaizungusha mkononi, mkono wa kushoto,
pale penye alama ya bangili.
Ikakaa kidogo. Pete ya maji. Ikashuka kiwikoni.

Kisha nikamimina dumu zima la maji ya kunawia,
nikaliamsha kwa petroli, nikahesabu mpaka mia,
tik.
Wageni walikula kwa vijiko siku hiyo.
Mama wa bi harusi alinuna.
Wali ulikuwa wa moto.